Vidonge Ulivyonishikia

Bweni la Wasichana,
Karibu na Kiomboi,
9 Oktoba 1955

Mpendwa dada yangu Theodora,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Gabrieli na watoto. Je, kifua cha yule mdogo kimepona? Na ng'ombe mwekundu amekwisha kuzaa? Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima, nakula na kulala hapa bwenini, ingawa goti la kushoto bado linavimba nikisimama sana.

Dada, unajua mimi si msemaji. Hata darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo lakini linakwama kooni. Ndiyo maana nakuandikia, na nakuomba usome mwenyewe, usimpe shemeji akusomee.

Nianze na siku ile Bibi Daktari aliponipima. Alinifunga kitambaa mkononi akakijaza upepo, akasikiliza moyo, akanipandisha kwenye mizani. Akasema kwa Kiingereza kwamba magoti yangu yanabeba mwili yasiouweza, na kwamba chuo cha manesi hakitamchukua msichana asiyeweza kusimama wodini kutwa. Nilikutafsiria kwa Kinyiramba, ukaitikia kwa kichwa. Akatoa vidonge vya kupunguza hamu ya kula: kimoja asubuhi kabla ya uji, nirudi kupimwa kila Jumamosi, na nisivishike mimi mwenyewe, maana vinakimbiza moyo na kufukuza usingizi, si vya kuchezea. Akauliza ni mtu mzima gani nyumbani ninayemwamini. Sikufikiri hata kidogo. Nilikutaja wewe.

Mwanzoni njaa ilinyamaza kweli. Mdomo ulikauka, usingizi ukawa mwepesi, lakini nusu bakuli ya uji ilinitosha, na gauni la shule likaanza kulegea kiunoni. Ndipo wanawake wa kisimani wakakuuliza kama mtama umekwisha kwa Gabrieli, au kama mdogo wako ana kifua kikuu. Ulirudi na ndoo umenuna, nami nikakuonea huruma kwamba unasutwa kwa ajili yangu.

Baada ya hapo njaa ilirudi. Nilimeza kidonge cheupe kutoka mkono wako ule ule, lakini kufika saa nne nilikuwa natetemeka darasani. Nawe ukawa unanibembeleza, kula mdogo wangu, uji wa leo ni mzuri. Ulikuwa mzuri kweli. Uling'aa kwa samli.

Mizani ikapanda, Bibi Daktari akakuita. Akauliza kwa upole kama ninafuata alivyoagiza. Ukajibu kwa Kinyiramba, macho chini, kwamba mtoto huyu anaamka watu wakilala, anafunua vyungu, na akiulizwa anakana. Halafu mkanitazama nyote wawili, mnangoja, kwa kuwa mkalimani ni mimi. Nikasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwamba mimi ni mwizi wa chakula na tena ni mwongo.

Ningeweza kubadilisha, naye asingejua. Sikubadilisha kwa sababu wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipofariki, na nikadhani pengine ni kweli, pengine naamka usingizini nakula bila kujijua. Nikawa nalala nimejifunga mguu kitandani kwa mshipi wa gauni. Daktari alisimamisha vidonge, akasema mwaka huu hawezi kunipendekeza chuoni.

Sasa nikuambie jambo usilojua kwamba ninalijua. Siku ile shangazi yake Antipasi alipokuja na wenzake kuomba mbegu za mtama, nilielewa, kama kila msichana wa kwetu anavyoelewa, kwamba wamekuja kunitazama mimi, ili wamposee Antipasi. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaminya, akacheka, akasema huyu hata mvua ikikataa hatakauka. Ulipoingia ghalani, akaniambia nikushukuru sana, maana ndiwe uliyewaapia kuwa vidonge vya Mzungu umevitupa chooni na ulikuwa ukinipa vya kuumwa kichwa badala yake, na kwamba kabla ya mavuno nitakuwa nimejaa vizuri. Hakusema kwa ubaya. Alidhani najua.

Ukatoka na mbegu, unatabasamu. Mimi nilikusanya vikombe nikaenda kuviosha. Ndiyo sababu niliomba nafasi huku bwenini. Mitihani ilikuwa kisingizio.

Dada, najua uliogopa maneno ya kisimani. Labda uliogopa kweli kwamba nitakonda mpaka nife. Ungeniambia hivyo, ningekubishia, ningelia, tungenuniana siku mbili, yangekwisha. Lakini ulikaa pale ukaniacha niutamke uongo wako kwa mdomo wangu, juu yangu mwenyewe, nawe unasikiliza. Nikifika hapo kalamu inasimama.

Jana nilikwenda kwa Bibi Daktari nikamweleza yote. Sauti ilitetemeka lakini nilimaliza. Akanipima upya, akasema tutaanza tena mwezi ujao moyo ukiwa mzuri, na nitakuwa nikimeza kidonge hospitalini mbele ya nesi Klara. Habari za chuo hakuahidi. Alisema tutaona goti. Baba naye nimemwandikia, nikamwomba watu wa Antipasi wasipokelewe mpaka nimalize shule. Atakasirika, najua.

Sikukuu ya Krismasi sitakuja kwako. Nitabaki hapa na wasichana wa mbali.

Nisalimie sana shemeji Gabrieli, umwambie asante kwa kunibeba kwa baiskeli siku zile za hospitali. Watoto uwabusu wote. Wakiuliza mbona mama mdogo hakuja, wajibu wewe, maana wakiniuliza mimi nitawaambia kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Elina