Nyanya Moja ya Nyongeza

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Marahaba yako naijua ilivyo, ile ya kuvuta mwishoni, kwa hiyo najiitikia mwenyewe halafu naendelea.

Ungekuwa hai ungeshaniuliza. Mtu akitoka safari, wewe hukuwa na subira ya "za huko". Mjomba alirudi kutoka Malindi siku moja, mkoba hajautua, ukamdaka mlangoni: "Huko nyanya wauzaje?" Jirani akitoka Madogo, "Vitunguu je, vimepanda?" Baba alikuwa akicheka mpaka anajishika mbavu, akisema malaika wa kaburini watakuja na maswali yao nawe utawatangulia na la kwako.

Basi ngoja nikujibu, maana huu ni mwaka wa tatu niko Uingereza na hakuna mtu mwingine anayetaka kusikia.

Nyanya hapa ni ghali na hazina harufu. Nimezinusa dukani mpaka watu wakanitazama. Embe moja, moja tu, tena lililochumwa changa likaivia safarini, kwa bei yake ningenunua debe zima la maembe ya kwenu Ozi msimu ukichanganya. Na dania! Dania ile uliyokuwa ukimtilia mtu juu ya nyanya zake bila hata kuulizwa, hapa inauzwa, imefungwa kwenye karatasi ya plastiki, ina bei yake na tarehe yake ya kufa. Siku ya kwanza kuiona nilicheka peke yangu. Siku hizi naipita tu.

Lakini si kila kitu, mama, nisije nikasema uongo. Maziwa ni rahisi. Habiba, yule shoga yako Muorma wa maziwa, angeiona bei yake angelia. Kuku ni rahisi kuliko samaki, nawe ungemgeuza ukamgeuza ukasema kuku huyu ana lake jambo. Maji yanatoka ukutani, yananyweka, wala hapana haja ya mtu mmoja kuchota na mwenzake kusimama ukingoni kuangalia mamba.

Kinachotumaliza ni nyumba. Kodi ya vyumba viwili inakula zaidi ya nusu ya mshahara, na juu yake kuna joto. Ndiyo, mama, huku joto linanunuliwa. Tuna mita ya umeme ya kutia pesa kidogo kidogo, na ikikaribia kwisha inalia, nami nakimbilia pochi. Wakati wa baridi mimi na mjukuu wako tunakaa chumba kimoja tumevaa makoti, tunakula wali tukiwa na kofia kichwani. Zuhura uliyemwacha akitambaa sasa ana miaka saba na anazungumza Kiingereza cha puani. Baba yake alishaoa kwingine, hayo unayajua, tuliyamaliza ukiwa hai.

Kazi yangu ni kutunza wazee wasiojiweza. Naosha, nalisha, nageuza. Siyo kazi mbaya. Wengine wananiita mwanangu. Ila kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa kwenye kazi hiyo. Kazi ikienda kibali kimekwenda, na kibali kikienda mimi na Zuhura tumekwenda. Na kazi yenyewe haimtaki mtu mwenye doa lolote kwa polisi, kwa sababu wazee wale hawawezi hata kujitetea. Mwezi ujao kibali kinafanywa upya. Ndiyo maana nakuandikia, mama. Nina hofu.

Unaikumbuka meza yako pale soko la Garsen? Mimi nimekulia chini yake, kati ya gunia la mchele na miguu ya wateja. Nilikuwa nikisikiliza bei juu ya kichwa changu kama mvua. Mtu alikuwa anachagua fungu lake, mnavutana, mnakubaliana, anafunguliwa mfuko, anatiliwa. Halafu, bila kusema neno, mkono wake mwenyewe unarudi mezani, unachukua nyanya moja zaidi, unaitia juu ya zile nyingine, huku anakutazama usoni. Nawe unasema, "Haya, na hiyo." Ndipo biashara imekwisha.

Asiyechukua ulikuwa unakasirika. Kuna mwalimu mgeni aliyekuja akalipa, akachukua fungu lake, akageuka kwenda zake, ukamwita: "We mwalimu! Kwani tumegombana?" Maskini alirudi akidhani pesa zimepungua. Ukamtilia mbili. Na Habiba naye, akishakupimia maziwa hadi mstarini, alikuwa anainamisha tena kibuyu, yanamwagika kidogo, nawe unamtilia konzi ya mahindi juu ya mahindi yake. Ulikuwa ukiniambia, "Bei ni ya kitu. Nyongeza ni ya mtu." Niliyashika maneno hayo kuliko niliyofundishwa darasani.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Nilikuwa nimetoka kazini mchana, nimechoka, Zuhura nimemchukua shuleni, tukapita duka kubwa la karibu na kituo cha basi. Pale unajipimia mwenyewe. Unaweka nyanya kwenye mzani, unabonyeza picha, kijikaratasi cha bei kinatoka, unakibandika kwenye mfuko. Nilifanya hivyo. Nikabandika. Halafu mkono wangu, mama, mkono huu ulioulea wewe, ukarudi kwenye kreti, ukachukua nyanya moja, ukaitia juu. Wallahi sikufikiri. Nahisi hata uso niliinua, kumtafuta muuzaji nimtazame.

Tukalipa. Tulipofika mlangoni kijana mmoja wa ulinzi akasema, "Samahani, mama, naomba uje nami kidogo."

Alikuwa kijana wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyonitisha zaidi. Akatupeleka chumba kidogo nyuma, chenye meza na viti viwili, akapima upya zile nyanya mbele yangu.

"Hii moja hukuilipia?"

"Hapana."

"Ulijua kuwa hukuilipia?"

"Ndiyo. Ni nyongeza."

"Ni nini?"

Nikalitafuta neno, mama. Nilipekua Kiingereza changu chote, kile cha shule na kile cha kazini, neno halikuja. Nikasema, "Ni ile unayochukua ukishamaliza kupima. Inakuwa yako."

"Nani alikupa ruhusa kuichukua?"

"Hakuna anayetoa ruhusa. Unachukua tu."

Akaandika. Nikaona anavyoandika, taratibu, neno kwa neno, na hapo ndipo nilipoelewa nimejichimbia shimo kwa ulimi wangu mwenyewe. Nikaanza kusema nitalipa, nitalipa hata mfuko mzima mara mbili, pochi ikaanguka, sarafu zikatawanyika sakafuni. Zuhura akapiga magoti kuziokota. Yule kijana akamwambia kwa sauti nzuri, "Acha, usiguse kitu." Mtoto akarudisha mkono kama aliyeguswa na kaa la moto.

Walichukua jina langu na mahali ninapokaa. Wakanipiga picha. Wakasema nisikanyage tena duka lile. Nikauliza, polisi je? Kijana akasema huenda wakaambiwa, huenda wasiambiwe, hilo ni la mkubwa wake kuamua. Tangu siku hiyo naishi ndani ya hilo "huenda".

Simu ikiita kwa namba nisiyoijua, naitazama tu mpaka inanyamaza. Matroni wetu kazini akisema "njoo kidogo", navua aproni kabisa, kumbe anataka nimsaidie kubadilisha shuka. Jana mlango uligongwa nikaenda kusimama nyuma ya friji, mtu mzima mimi, na Zuhura akaja akasimama nami bila kuuliza. Alikuwa mtu wa takataka.

Na kuna swali nitakaloulizwa mwezi ujao: umewahi kushikwa kwa wizi? Nitasema nini? Nikisema ndiyo, nimejinyonga. Nikisema hapana, na picha yangu iko kwao, nimejinyonga mara mbili. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mganda, nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, nikasema ni yaliyompata jirani. Akaguna: "Huyo jirani yako afungashe mapema." Nikacheka naye.

Nirudi wapi, mama? Nyumba yako mafuriko yaliichukua mpaka msingi. Meza yako ina mtu mwingine, nasikia anauza vifuniko vya simu. Sina cha kushika Garsen isipokuwa kaburi lako na la baba. Na hata ningekuwa nacho, ningerudi na jina gani?

Nakumbuka yule kijana aliyesemwa kaiba sukari. Nilikuwa na umri wa Zuhura. Zilipigwa kelele sokoni, mwizi, mwizi, na watu wakatoka kila upande, hata wale waliokuwa wakinywa chai na mkate wao mkononi. Ulinisukuma chini ya meza ukaniambia nifumbe macho. Sikufumba. Nilikuona ukipenya katikati yao, ukavua leso uliyojitanda ukamfunika kijana yule pale chini, ukasimama juu yake na kanga moja tu kiunoni, ukasema, "Anayempiga anipige na mimi. Haya, nani wa kwanza?" Habiba akaja akasimama ubavuni kwako na fimbo yake. Wakatawanyika, wakitukana.

Jioni ile ulisema, "Majeraha yatapona. Lile jina halitapona." Nikakuuliza, je, kama hakuiba? Ukajibu, "Kelele haziulizi, mwanangu."

Huku hawapigi mtu, mama, niseme ukweli wao. Hakuna kelele wala mawe. Yote ni kwa sauti ya chini na tafadhali. Lakini hakuna pia wa kukutupia leso. Watu walipita mlangoni pale na mifuko yao, wakaniona nikipelekwa, wakageuza macho kwa heshima.

Kinachoniogopesha kuliko polisi nimekiona Jumamosi iliyopita.

Siku hizi tunakwenda duka la mbali, mwendo wa basi mbili. Naingia mikono ikiwa nje ya mifuko ya koti. Napima, nabandika, nakaza fundo la mfuko mara mbili, nasogea mbali na mzani. Zuhura anatembea katikati ya njia, hagusi rafu yoyote. Zamani alikuwa mtoto wa kugusa kila kitu. Ungempenda, alikuwa na mikono yako.

Karibu na mlango wa duka lile kuna kapu la ndizi na matofaa ambayo watoto wanapewa bure wakiwa wananunua na wazazi wao. Pana maandishi makubwa na picha ya mtoto anayecheka. Mwanamke mtu mzima anayefanya kazi pale alituona, akainama kwa Zuhura na ndizi mkononi.

"Chukua, mpenzi. Hizi ni za watoto. Hulipi kitu."

Unajua Zuhura na ndizi. Lakini alirudi nyuma, akaweka mikono mgongoni.

"Hapana, asante."

"Chukua tu, mama hatakasirika!" Yule mwanamke akacheka, akaitia ndizi ndani ya kapu letu, juu ya vitu vyetu, vilevile kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kumwambia, haya, na hiyo.

Zuhura akaichukua ile ndizi kwa vidole viwili, akairudisha alikoitoa yule mwanamke. Akainua kichwa akaitafuta kamera darini mpaka akaiona. Akaifungulia viganja vyote viwili, akavigeuza huku na huku, ione kuwa havina kitu.

Yule mwanamke akanitazama, akingoja nimwambie mtoto kwamba ni sawa, achukue. Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Lakini nikawaza kibali, nikawaza picha yangu kwao, nikawaza sauti ya chini ya yule kijana.

Nikamwambia, "Vizuri, mwanangu."

Niombee huko uliko, nami nakuombea huku, Mola akupanulie kaburi na akutilie nuru ndani yake.

Ni mimi kitindamimba wako,
Mama Zuhura