Jeni Ikizimwa

3 Juni

Mwanangu Kitindamimba,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hujambo huko na baridi yenu? Sisi wazima, ila uzima wenyewe wa kuungaunga. Baba yako ndiye hajambo kupita kiasi. Tangu anunue jenereta ya kuendeshea pampu, anaosha zizi kutwa mpaka ng'ombe wanamshangaa.

Kinachonisumbua ni mtambo wetu wa gesi. Samadi tunatia shimoni kama kawaida, lakini jiko lilianza kufifia, sasa haliwaki kabisa. Nimerudi kwenye kuni, na unajua daktari alisema nini kuhusu moshi na kifua changu. Nakohoa hadi nalala nimekaa kitini. Fundi aliyetujengea anasema vijidudu wa kutengeneza gesi wamekufa, tubomoe tufukie. Wewe ndiye unayewasomea hao wadudu. Nimsikilize?

Mama yako

11 Juni

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kikohozi chako kimeninyima raha. Usikubali abomoe.

Vijidudu hao ndio ninaowatazama maabara kila siku, ndani ya chupa zisizoingia hewa, na hawafi kirahisi hivyo. Chakula chao kikiwa tele wanawasha jeni moja ya kutengenezea gesi. Kikiwa haba wanaizima na kuwasha nyingine, inayojua kuokota hata makombo. Ni kama wewe na majiko yako mawili. Na kitu kikiwakera, wanazima karibu kila kitu na kungoja. Kimya si kifo, Mama. Shika hili tu: jeni ikizimwa mapema, wanaokoka.

Wape muda. Na kuni mwachie Baba, apike yeye.

Mwanao

2 Julai

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Simu ya Baba haipatikani. Nilikuandikia kwamba kimya si kifo, sasa nashindwa kuyaamini maneno yangu mwenyewe. Kama kifua kimezidi, achana na habari za shimo, wabomoe tu, nunueni mtungi wa dukani. Naogopa, Mama. Niandikie hata neno moja.

Mwanao

9 Julai

Wa kwangu,

Marahaba, na pole kwa hofu. Simu haina chaji, na chaji imekosekana kwa amri yako. Si uliandika jeni ikizimwa wanaokoka? Nikajua ni haraka zenu vijana za kukata maneno. Jenereta ya baba yako iko pembeni kabisa ya shimo, inanguruma kutwa. Hata ningekuwa mimi ndiye mdudu, ningesusa. Nikaizima, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la nguo.

Baba yako akanuna. Pampu haiendi, akarudi kwenye ufagio, huku akilalamika kwamba hata dawa yake ya kuulia vijidudu sasa imekosa kazi. Nikamuuliza, dawa gani? Kumbe kila asubuhi alikuwa anaichanganya na maji ya kuoshea zizi, na maji yote hayo yanaishia shimoni. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Juzi nimewasha kiberiti, jiko likaitika, moto wa buluu. Nimepika, nimechemsha maji ya kuoga, nimechemsha na mengine bila sababu. Fundi alikuja na sururu yake, nikampa chai akaenda zake. Kikohozi kimepungua, na jana nimelala kitandani, chali, kama mtu na heshima zake.

Baba yako anauliza: wadudu wako wakishatulia, ataruhusiwa kuiwasha jenereta yake?

Mama yako

16 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma maabara. Nilicheka hadi wenzangu wakaja kuuliza kulikoni, halafu nilipofika pale ulipolala kitandani nikalia mbele yao wote. Moyo wangu umeshuka mahali pake.

Jeni si jenereta, Mama. Ni maagizo ya kazi yaliyomo ndani ya mwili wa kijidudu, na kosa ni langu, sikukueleza. Wadudu wenu walizima yao wenyewe ili kujikinga na dawa. Ilipokoma, wakawasha.

Mwambie Baba kuchaji simu ruhusa, dawa marufuku. Ila ufunguo, baki nao wewe.

Kitindamimba wako