Jina Lililorukwa katika Barua za Simai bin Ame

Leo, Ijumaa tarehe 12 Novemba 1954, umetimia mwaka mmoja, Simai, mwanetu na ndugu yetu, tangu gari uliyokuwa ukiiendesha iliposhambuliwa barabarani huko Malaya, ukafariki papo hapo. Ulikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Umezikwa huko huko. Kaburi lako hatujaliona, na hapa tunaandika yale tu tunayoyajua.

Kabla hujawa askari ulikuwa seremala. Miaka saba ulifanya kazi Mkunazini, katika karakana ya Bwana Kurban. Mpaka leo Bwana Kurban hakitoi kiti karakanani ila akikalie kwanza na kukitikisa mara tatu, na humwambia kila mteja kwamba mtindo huo kauiga kwako. Kahawa uliinywa bila ya kashata. Hata nyumbani kwenu, hapa mtaani Malindi, ulibisha hodi mara tatu ukangoja ujibiwe, na mama akikucheka: "Pita, mgeni. Karibu kwa mama yako."

Hukwenda jeshini kutafuta sifa. Ulitaka kujifunza udereva, ukatuambia hivyo, na ukajifunza. Uliacha karakanani sanduku la mvule lililokuwa bado kutiwa kifuniko. Sote tulijua ni la nani. Posa yako ilikuwa imeshapelekwa Mwembetanga, kwa Mzee Shaame, kwa ajili ya binti yake Sichana. Mzee alisema jibu utalipata ukirudi.

Kutoka Malaya ulituletea barua kumi na tatu. Mama hajui kusoma, na mimi dada yako Tabia ni mwalimu wa skuli, kwa hiyo nilizisoma mimi. Ikifika barua, majirani walikuja. Wanaume walikaa nje barazani, wanawake wakakaa ukumbini, nami nikasimama karibu na mlango ili pande zote mbili zisikie. Sichana hakukosa hata mara moja. Alikuja na sahani ya visheti, akakaa nyuma ya wenzake.

Katika barua kumi na moja kati ya hizo ulimtaja kwa jina. Kila nilipolifikia jina hilo, niliruka mistari. Msichana ambaye posa yake haijajibiwa hatajwi mbele ya wanaume. Ndivyo tulivyolelewa, na nilidhani ninamhifadhi. Faraghani pia sikumwambia. Nilijiambia kwamba utarudi, utamwambia mwenyewe. Na nilipokuandikia majibu kwa niaba ya mama, habari zake sikuzitia.

Kwa hiyo hakusikia ulivyoandika: "Mwambieni Sichana kifuniko ntakichonga vishada vya karafuu, si mayungiyungi kama la dada yake, asije akasema nimeiga." Hakusikia kwamba mvua iliponyesha siku kumi mfululizo msituni, ulilala chini ya turubai ukayakumbuka, neno kwa neno, maneno aliyompa muuza samaki wa Darajani aliyemuuzia changu wa jana. Uliandika kwamba ungetoa buti zako zote mbili usikie ugomvi ule tena. Hakusikia hata hili: "Ruba wa huku wakikuganda hawabanduki. Nawatazama nijifunze, nikirudi nimgande Mzee Shaame mpaka aseme ndiyo."

Alichosikia ni salamu za mashangazi, za majirani, na za paka wa Bwana Kurban. Akachukua sahani yake akarudi kwao. Njiani wapo waliomwambia: "Shoga, na Malaya kuna wanawake." Barua nyingine ilipofika, alikuja tena.

Katika barua yako ya mwisho uliuliza: "Mbona hamnambii habari za Sichana? Kama kaolewa, niambieni. Mimi askari, nshazoea kuambiwa." Nilikujibu siku ile ile. Nilikuandikia kwamba hajaolewa, na kwamba huja kila barua yako inaposomwa. Jibu hilo lilirudi mwezi wa Januari, halijafunguliwa.

Kosa ni langu, na nimeliandika kama lilivyo.

Siku ya arubaini yako nilikwenda Mwembetanga na barua zote kumi na tatu, nikamsomea Sichana bila kuruka hata nukta. Mzee Shaame alikuwa nyuma ya pazia. Tulipofika kwenye ruba akacheka peke yake, kisha akasema: "Kweli kijana yule akinichosha. Akibisha hodi kama askari na uaskari wenyewe hajaupata. Lakini jibu lilikuwa ndiyo, mwalimu. Nikimchelewesha tu, ajue binti yangu haokotwi."

Sichana aliniambia mimi: "Soma tena hapo pa kifuniko."

Bwana Kurban alikichonga kifuniko kwa vishada vya karafuu, kama ulivyoagiza. Tulishauriwa sanduku lipelekwe baada ya magharibi, kwa njia za uchochoroni. Lilitoka Mkunazini saa nne asubuhi, mabegani mwa wachukuzi wanne, likapita Darajani penye watu wote mpaka Mwembetanga. Mama alitangulia mbele. Aliyeuliza ni la nani alijibiwa. Ndani yake sasa zimo barua zako, na lile jibu lililorudi. Sichana hakulifungua. Amesema limeandikiwa wewe.

Na sasa tumeshauriwa tena, na watu wa heshima, tusimtaje katika kumbukumbu hii. Wanasema hapakuwa na nikaha. Ni kweli, hapakuwa. Hatusemi alikuwa mkeo; tunasema ulimtaja katika barua kumi na moja, na barua tunazo. Wanasema pia kwamba jina la msichana likitoka gazetini litamfukuzia waume. Hilo tulimuuliza mwenyewe, mbele ya baba yake. Alisema: "Mwanamme atakayelikimbia jina langu, naakimbie mapema. Liandikeni." Mzee Shaame akaongeza: "Na langu litieni, wasije wakamtafutia baba mwengine."

Tumeandika. Asiyependa ana hiari ya kugeuza ukurasa.

Hitima yako inasomwa leo baada ya sala ya alasiri, nyumbani Malindi. Wanaume watakaa barazani na wanawake ukumbini, kama zamani. Baada ya dua barua zako zitasomwa, zote, kwa sauti, nami nitasimama pale pale karibu na mlango. Mwenyezi Mungu akurehemu na akupe kauli thabiti.

Wanaokukumbuka ni mama yako Mwanakheir binti Mkadam. Dada yako Tabia. Mdogo wako Duni. Bwana Kurban wa Mkunazini na mafundi wake. Mzee Shaame wa Mwembetanga, aliyekwishasema ndiyo. Na mchumba wako, Sichana binti Shaame.

Tutakukumbuka siku zote, Simai, na jina lake hatuliruki tena.