Mbavu za Mama

Jumatano. Joto kali hapa Kismayo, na upepo umetia mchanga mpaka kwenye maji ya kunywa. Leo hata kitabu sikitaki.

Juma lililopita vipimo vya damu vya Mama vilionyesha mwako mkubwa mwilini, uvimbe wa ndani kwa ndani. Daktari hakujua unatoka wapi, akataka picha ya mifupa. Mama Mkubwa, dada yake aliyemlea tangu walipokimbia kutoka kisiwa cha Kudhaa, hakuona haja ya kungoja. Kwetu mwako hukandwa. Alikuja na mafuta ya ufuta ya moto, akamlaza Mama kifudifudi, akambana mgongo kwa magoti.

Nilinong'ona kwamba tungoje picha.

"Msikieni daktari wa vitabu!" Alicheka mpaka machozi, kisha akasema kwa lahaja ya Kudhaa, ambako mtu ni mchu: "Mchu hafi kwa kukandwa, mwanangu. Lete kitambaa."

Nikaleta kitambaa.

Leo tumeiona picha. Mbavu, nyonga, hata fuvu, vimetoboka kama ubao ulioliwa na wadudu. Ni saratani ya damu, ya nadra, alisema daktari. Inakaa ndani ya uboho na kuula mfupa kutoka huko, na ule mwako ulikuwa moshi wake. Kisha akaonyesha mbavu mbili zilizovunjika karibuni. Akauliza kama mgonjwa alianguka.

"Niliteleza bafuni," Mama akajibu upesi, kabla sijafungua mdomo.

Daktari akaonya: asibanwe popote, hata kuinuliwa kwa kwapa asiinuliwe.

Mama Mkubwa alitungoja nyumbani. Mama akamwambia hayohayo ya bafuni, na saratani hakuitaja.

"Kuteleza, na mimacho yote hiyo!" akasema Mama Mkubwa. "Basi kesho nikishaswali alfajiri naja nikunyooshe mbavu."

Mama alicheka naye, mkono ubavuni.

Alipoondoka, Mama akanivuta karibu. "Ukimwambia, atakufa kabla yangu. Nitamvumilia. Ni mara moja tu."

Si mara moja. Mama Mkubwa anampenda, kwa hiyo atarudi kila siku.

Nimejaribu kutunga uongo mzuri kuliko wa Mama. Sikuupata. Mama Mkubwa hazuiliki kwa uongo.

Kesho nitasimama mlangoni kabla hajavua viatu. Nitamwambia kwamba mikono yake ndiyo iliyomvunja mdogo wake. Atalia, na Mama, humo ndani, atanisikia nikisema.