Suti ya Buluu Nyuma ya Mlango Wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini maneno haya yatakukuta mzima, macho yako yamepumzika na cheche za kuchomelea, naye mama akiendelea kulilalamikia goti lake kwa sauti ile ile yenye nguvu. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine nitayaeleza, nawe univumilie, maana wajua kwamba tangu nitoke chuo kikuu siwezi kusema jambo bila kulijengea msingi, kuta na dari.

Mwezi uliopita uliniandikia kwamba harusi imekaribia, kwamba mageti ya shule unayoyachomelea hayakupi nafasi ya kusafiri, na kwamba umesikia duka la nguo linalotazamana na kiwanda cha uchapaji ninakosahihisha nakala litauza suti kwa punguzo la asilimia sabini. Ukaniandikia vipimo vyako nyuma ya kipande cha msasa, ukaomba nikutafutie ya buluu. Ukamalizia kwa utani wako kwamba Profesa asiende kuwahutubia watu. Achukue suti atoke.

Niliwahutubia. Foleni ilianza kabla milango haijafunguliwa, na mbele yangu alisimama mama ambaye wote pale humwita Mama Mikoba, kwa kuwa huja na mikoba minne mitupu akaondoka nayo imefura, akauze mtaani kwake. Nilimweleza, foleni nzima ikisikia, kwamba punguzo lina adabu zake: mtu achukue anachokihitaji, asifagie rafu, asing'ang'anie kitu kwa kumkomoa aliye nyuma yake, na asichokusudia kukivaa akirudishe mahali pake ili mwingine akione. Nilitaja hata wanafalsafa wawili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba nimesema vizuri sana, mwanangu, ila sasa nisogee kidogo, nimemkanyagia mkoba. Watu walicheka hadi mlango ukafunguliwa.

Naomba sasa nikuambie nilichokuwa nacho moyoni katika foleni ile. Kila barua ya mama huanza na geti lako lenye maua ya chuma na jinsi wapita njia wanavyosimama kulitazama. Shahada yangu ameitundika jikoni, karibu na moshi. Hilo ningelimeza. Lakini mchumba wako, mwalimu wa chekechea, nilimwazima vitabu kumi na viwili kwa miaka miwili, nikingoja amalize cha mwisho ndipo niseme neno langu. Akavirudisha vyote siku moja, vimefungwa nyuma ya baiskeli yako, nawe ukaniambia kwa furaha kwamba amevipenda mno. Wewe ambaye kitabu hukifungua kutafuta picha! Hukujua lolote, na hapo ndipo uchungu ulipozidi, kwa sababu sikupata hata kosa la kukushtaki nalo.

Nilikuandikia kwamba suti zilikuwa zimekwisha. Nilisema uongo. Ilikuwapo moja, ya mwisho katika kipimo chako, buluu iliyokolea, vifungo vyake vinne vyote vimekamilika. Nilipoishika, mlinzi mmoja aliyekuwa bado amevaa sare ya kazi aliniuliza kwa upole kama kweli ni yangu, kwani aliona mikono yangu ni mirefu, naye alikuwa akitafuta ya kiasi kile. Ningeweza kumjibu kwamba ni ya mdogo wangu anayeoa. Badala yake nilimjibu kwa ukali kwamba ni yangu, nikaivaa pale pale kumthibitishia, na mikono ya koti ikakomea karibu na viwiko.

Mama Mikoba alikuwa nyuma yangu penye malipo. Safari hii hakucheka. Alisema kwamba yeye hununua ili watu wavae. Je, mimi mwenye adabu zangu nilinunua ili nani asivae? Mdogo wangu, mimi ninayebishana hata na kamusi, niliinama kuhesabu noti. Nikalipa, nikarudi chumbani, nikaitundika nyuma ya mlango, nikakaa mezani kukuandikia ule uongo na kukushauri uazime koti la mjomba.

Imening'inia pale majuma matatu. Nimeivaa mara tatu mbele ya kioo. Mara ya tatu niliinua mkono kuiga namna utakavyowapungia watu mkitoka, mshono wa bega ukaachia. Nimeushona mwenyewe kwa uzi mweusi, maana uzi wa buluu ungenipeleka kwa fundi, naye fundi angeuliza ni ya nani. Jicho lako limezoea viungo vilivyoungwa vibaya. Utauona mara moja. Ufumue, ushonwe upya.

Barua hii nitaiweka katika mfuko wa ndani wa koti, na mzigo nitampa dereva wa basi la asubuhi, hivyo utaupata siku nne kabla ya harusi. Ukishindwa kuivaa, nitaelewa. Ukiivaa, niandikie mstari mmoja tu, nijue kama nije nisimame kando yako au nikae nyuma pamoja na wageni.

Mpe mama salamu zangu na umwambie goti alipake dawa, asilipigie kelele tu. Mchumba wako pia msalimie. Vile vitabu nitampa, abaki navyo.

Ni mimi kaka yako,
yule umwitaye Profesa.