Dakika Thelathini na Nne

Migwani,
Jumatano.

Mwaitu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe, mama. Mimi na watoto tu wazima, na mbaazi zimeshika maua ijapokuwa mvua ilitupa siku chache tu ikanyamaza. Na goti lako je? Kaka Muthama amenieleza kwamba siku hizi unapanda ngazi za kanisa bila mkongojo. Nimefurahi, ingawa najua unajionyesha tu. Barua hii nampa Nthenya, anayekuja huko Mukuyuni Ijumaa kumwona shangazi yake. Ningepiga simu, lakini yako unaiweka sauti ya juu nyumba nzima isikie, na haya nataka uyasome wewe kwanza.

Mama, binti yako amepanda ndege! Amekwenda Addis Ababa kwenye maonyesho ya asali na amerudi na mashine ya kukamulia, inang'aa kama sufuria ya harusi. Unazungusha mkono wake tu na asali inamwagika safi, bila masega kuvunjika. Hapa sokoni watu wanakuja kuiangalia hata wasiofuga nyuki.

Unajua jinsi nilivyoondoka. Mzee Nzau, mwenyekiti wa kikundi chetu cha nyuki, hakutaka mweka hazina mwanamke asafiri na pesa za watu. Alisimama mbele ya wote akasema shilingi moja ikienda mahali isikoandikiwa, hakuna mwanamke atakayeshika tena mfuko wa kikundi. Wanaume wakapiga makofi. Nilipewa dola mia tano za mashine, na shilingi elfu tano kwenye simu za kuzungumza na Nzau tu, kwa sababu nilikatazwa kulipa kabla hajakubali bei. Nikawaambia ndugu wote, na wewe pia, msinipigie hata kama nyumba inaungua.

Zile dola nilizishonea mfuko ndani ya sketi, nikalala nazo, nikala nazo. Pesa zangu za chakula nilikuwa nabadilisha kidogo kidogo, maana ukirudi na birr zao nyumbani hakuna anayezitaka. Jirani yangu kwenye maonyesho alikuwa Abdiya, mama wa Garissa anayeuza ubani, ambaye amezunguka nchi nyingi. Siku ya kwanza tu aliniambia nitoe laini yangu ya Kenya, ninunue ya hapo kwa pasipoti, kwa sababu ukiwa nchi ya watu hata simu ya kupokea unalipia wewe. Nilimjibu kwamba mwenyekiti wangu hapokei namba asiyoijua, akidhani ni wale matapeli wa gerezani wa kuomba namba ya siri. Akacheka, akaniacha na ujuaji wangu.

Jumapili zile elfu tano zikaisha zote. Jumatatu maonyesho yalikuwa yanafungwa na muuzaji wa mashine ameanza kufunga mizigo, nami sina hata senti ya kumpigia Nzau, na pesa zangu za chakula nimeshazimaliza. Woi, mama! Nilikuwa na chupa nne za asali yangu mwenyewe nilizobeba za zawadi. Nikaziuza palepale, nikanunua laini ya huko, nikaanza kupiga. Nzau akakataa mara sita. Ya saba akapokea ili anitukane, akasema anajua yuko gereza gani huyo anayempigia. Nikamkatiza kwa Kikamba, nikamtaja kwa ukoo wake, ndipo akauliza kama kweli ni mimi. Muuzaji alikuwa ameanzia dola mia sita. Nilimshusha mpaka mia nne na themanini, Nzau akisikia kila neno, na mwisho mzee akasema nilipe.

Jumamosi iliyopita niliweka mezani mashine, risiti na dola ishirini zilizobaki. Walipouliza za simu nilisema ilizila yenyewe kabla sijajua. Katibu akaandika kwamba ni ajali ya mtandao. Nzau akasimama, akaomba radhi mbele ya watu, wakanichagua tena kwa miaka miwili. Nilitembea kurudi nyumbani kichwa juu kweli kweli.

Sasa, mama, kaa chini.

Haikuwa ajali. Simu iliyozila pesa zile Jumapili ilikuwa yako. Ulitumia simu ya mwinjilisti kwa sababu ulikuwa umekatazwa kutumia yako, sivyo? Nilipopokea ulikuwa umeshaanza kuomba, na nyuma yako kanisa zima linaitikia. Nilikusudia kusema niko salama, nikate. Dakika ya pili ujumbe ukaingia kwamba pesa zinakwisha kwa kasi. Niliusoma. Ukaja mwingine, nikausoma pia.

Mama, tangu nijue kusikia umetuombea kwa mpangilio mmoja. Muthama, kisha Kaloki, kisha wajukuu wa kiume, kisha ng'ombe wa maziwa, halafu “na wengine wote.” Mimi nimekuwa wengine wote kwa miaka thelathini na minane. Sijawahi kukulaumu, lakini nimekuwa nikihesabu. Siku hiyo ulianza na Mutanu. Ukamwambia Mungu kwamba Mutanu wako amepanda ndege na mali ya watu, na kwamba wewe unamjua mtoto huyu, hatarudi na aibu. Nilikuwa nimesimama kando ya meza ya Abdiya nikilia, pesa za kikundi zinakwisha, nami sikutaka uache. Hukumfikia hata Muthama. Laini ilikatika ukiwa bado kwangu, dakika thelathini na nne.

Niliwaambia wazee uongo kwa sababu nilijua watasema mwanamke ndiye huyo. Lakini nimechaguliwa kwa uongo huo, na wewe ulimwambia Mungu mambo mengine juu yangu. Jana nimeuza mbuzi wawili. Jumamosi hii nitarudisha elfu tano mezani na kuwaeleza yote, ujumbe nilioupuuza na aliyekuwa akipiga. Wakininyang'anya mfuko, wachukue. Usione haya jina lako likitajwa, na usimkemee mwinjilisti.

Nisalimie Muthama, Kaloki na watoto wao, na wale mama wa kanisa walioitikia. Wameitikia vizuri sana. Tunza goti. Mungu akuweke.

Ni mimi bintiyo,
Mutanu.