Kitufe Chini ya Ukuta

Jumanne, 13 Mei

Mvua tena asubuhi. Tumefanya mazoezi hivyo hivyo. Ambakisye ametoka kijijini kwao Kinyala kabla sijaenda zamu, matope mpaka magotini, akatandika gunia chini ya ukuta wetu ili nisiteleze. Ukuta wenyewe ni mabanzi tuliyopigilia kwenye miti miwili ya mlingoti nyuma ya nyumba niliyopanga hapa Ibighi, Tukuyu. Mama mwenye nyumba analalamika kwamba tumemharibia kiwanja. Halafu anatoa kiti nje akae aangalie.

Nimefika juu karibu kila mara. Viganja vimechubuka. Wodini nimevaa glavu juu ya plasta.

Ambakisye hajafundishwa na mtu. Anachuma maparachichi kwa ajili ya wanunuzi wanaokuja na magari, na tangu utotoni yuko juu ya miti. Ananing'inia kwa mkono mmoja huku anaongea. Mimi nilikuwa mkimbiaji chuoni, kabla sijapangiwa kazi ya uuguzi huku kutoka kwetu Singida. Yeye mikono, mimi miguu. Ndiyo maana tulipita usaili wa shindano la TV kule Mbeya.

Nampenda. Naandika tu, maana mdomoni neno hilo bado ni zito.

Jumamosi, 24 Mei

Leo wodini kwenye chai wamenibishia sana kuhusu shindano. Kila mtu analitazama kwenye TV, kila mtu ana maoni.

Sheria zake ni hivi. Mnaingia wawili. Mnavuka gogo linalozunguka juu ya maji, wavu, pete, matairi. Mwisho kuna Ukuta. Mmoja wenu anajaribu kuupanda, mwingine anasimama pembeni penye kitufe chekundu. Akibonyeza kabla mwenzake hajakimbia, mnaondoka na hela, si haba. Asipobonyeza, anayepanda akifika juu mnapata zawadi kubwa. Akianguka, hamna kitu.

Tangu lianze hakuna aliyefika juu. Mfamasia wetu anasema ile zawadi kubwa ni chambo tu. Waliiweka kubwa kwa sababu wanajua hawataitoa.

Inawezekana. Mimi hela sizifikirii. Nimeangalia misimu yote na simkumbuki hata mmoja aliyebonyeza. Namkumbuka dada aliyegusa ukingo wa juu kwa vidole viwili akaporomoka. Nililia kama ni ndugu yangu.

Nikawaambia, hela si kitu. Wakacheka. Wamesema nisubiri niolewe.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeelewa leo kwa nini nautaka ule ukuta. Kazi yangu haina mwisho. Kitanda kikiwa wazi mchana, jioni kina mtu. Mmoja anapona, mwingine analetwa. Sijawahi kumaliza kitu nikasema hiki hapa nimekimaliza. Ukuta una juu yake. Ukifika umefika.

Nimemwambia Ambakisye. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi utapanda wewe. Mimi nitasimama penye kitufe na sitakigusa."

Tumekubaliana. Tumeshikana mikono kama wanasiasa, tukacheka.

Jumatatu, 16 Juni

Ambakisye hayuko sawa. Wiki iliyopita hakuja siku tatu. Amesema mvua imeharibu njia. Kweli ilinyesha sana, mvua ya ajabu kwa mwezi huu. Lakini hata leo yuko mbali. Nimemuuliza habari za mama yake. Amesema, "Yupo tu."

Nadhani ni woga. Hata mimi ninao.

Ijumaa, 20 Juni

Dar. Joto. Tumefikia nyumba ya wageni pamoja na washiriki wengine. Jamaa mmoja wa Mwanza amekuja na mke wake, wote waashi. Nikamuuliza akishinda atafanya nini. Akasema atanunua mashine ya kufyatua tofali. Alikuwa na jibu kabla sijamaliza swali. Mimi nilipoulizwa nikasema nataka kufika juu. Wakaniangalia kwa huruma.

Ambakisye alikuwa amekaa pale pale.

Jumapili, 22 Juni

Amebonyeza.

Jumatatu, 23 Juni

Ndani ya basi. Yeye amekaa viti vya nyuma. Nimemwomba akae huko.

Ngoja niandike nisije nikabadilisha baadaye. Gogo tulivuka vizuri. Kwenye pete niliteleza, akanidaka mkanda wa suruali akanivuta kwa mkono mmoja, watu wakapiga kelele. Matairi tulipita haraka kuliko wote. Tukafika chini ya Ukuta. Mtangazaji akauliza nani anapanda. Nikanyoosha mkono. Ni mrefu kuliko unavyoonekana kwenye TV, na umepinda juu kama kiganja. Lakini niliuona. Niliona kabisa mguu wangu wa mwisho ungekanyaga wapi.

Nikarudi nyuma nipate nafasi ya kukimbia. Nikageuka. Nikavuta pumzi.

Honi ikalia.

Nilidhani ni kosa la mitambo. Kisha zikaanza kumwagika zile karatasi za rangi. Ambakisye alikuwa ameinamisha kichwa, mkono bado uko juu ya kitufe. Nikamwendea. Nikamshika bega nimwulize.

Mtangazaji akasema wapigieni makofi, hawa wana akili.

Mungu anisamehe, nilitamani angeanguka kwenye maji kule mwanzo.

Jumatano, 2 Julai

Simu zake sipokei. Ukuta wa nyuma ya nyumba nimeubomoa mwenyewe kwa nyundo. Mama mwenye nyumba amechukua mabanzi yawe kuni. Hakuniuliza kitu. Nilimshukuru moyoni.

Hela zimeingia. Waligawa nusu kwa nusu, yangu kwenye akaunti yangu. Nimeziangalia kwenye simu nikazima simu.

Jumamosi, 12 Julai

Leo kuna mama ameletwa na mtoto mwenye homa, anatoka Kinyala. Nikamuuliza kama anamfahamu mama yake Ambakisye.

"Yule anayelala kwa mzee wa kanisa?" akasema. "Tangu nyumba yake ianguke. Ukuta wote wa chumbani, sista. Bahati alikuwa ameamka kwenda jikoni."

Nikauliza ni lini. Wiki moja kabla ya sisi kusafiri.

Nilimaliza kumpa mtoto dawa. Nikaenda stoo nikasimama katikati ya maboksi ya glavu.

Jumapili, 13 Julai

Nimekwenda Kinyala. Nimemkuta Ambakisye anasomba mawe ya msingi. Nyumba ya zamani imebaki kuta tatu, kitanda cha mama yake kinaonekana toka njiani, kimefunikwa turubai. Kitanda cha mtu, nje, kila mpita njia anakiona.

Nilikuwa nimejiandaa kuongea kwa upole. Nikashindwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungefanya nini?"

"Ningesaidia."

"Ungetoa mshahara wako," akasema. "Halafu mimi nije kwako kila siku kama mgonjwa wa nje."

"Tulikubaliana, Ambakisye. Ulinipa mkono."

"Nilikupa."

"Ungeniuliza basi. Pale pale. Neno moja."

Akaweka jiwe chini. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Akasema, "Rehema, wewe ukianguka pale unarudi wodini, mwisho wa mwezi unalipwa. Mimi nikianguka nimeanguka na mama yangu. Wewe kila siku hela si kitu, hela si kitu. Ningekuuliza nini mtu anayesema hivyo? Na kama ungekataa?"

Mpaka sasa sijui kama ningekataa. Nimejiuliza njia nzima ya kurudi. Nikisema ningekubali, najua mguu wangu ulishaanza kukimbia. Nikisema ningekataa, nakiona kile kitanda.

Yeye hakufanya vibaya. Nami nimevunjika. Yote mawili ni kweli, wala moja halipunguzi lingine.

Jumatatu, 14 Julai

Nimempigia. Nimemwambia simwoni tena kama zamani. Si hela. Si hata ukuta. Alisimama na mimi chini ya ule ukuta wetu kila asubuhi wiki ile ya mwisho, amebeba jambo kubwa hivyo, akanitandikia gunia nisiteleze, akanyamaza. Alishaamua kwamba mimi si mtu wa kuambiwa. Labda alikuwa sahihi. Siwezi kuolewa na mtu aliyekuwa sahihi kuhusu mimi kiasi hicho.

Akasema, "Sawa." Tena akasema, "Pole." Kisha tukabaki kwenye simu mpaka salio langu likaisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimenunua godoro. Lile la zamani lilikuwa limelika katikati, nilikuwa naamka mgongo unauma. Nimenunua na koti zito, maana baridi ya Tukuyu mwaka huu haina adabu. Kwa zile hela.

Nimelala vizuri usiku wa kwanza. Usingizi mtamu mpaka kengele. Nimeamka nikalia, kwa sababu ya jinsi nilivyolala vizuri.

Hela si kitu, nilisema mimi. Mbele ya watu.

Jumamosi, 30 Agosti

Wametuonyesha kwenye TV. Sikutaka kutazama, lakini wenzangu walinikokota mpaka kwenye mgahawa pale stendi. Umejaa. Watu wakanitambua, wakanipa kiti cha mbele.

Wamekata. Wameunganisha wanavyotaka. Niliporudi nyuma nipate nafasi ya kukimbia hawakuonyesha kabisa. Ameonekana yeye anatazama chini, anafikiri, wamemwekea muziki wa kinanda. Halafu mkono wangu begani kwake. Lakini wameuweka kabla ya kitufe. Inaonekana mimi ndiye niliyemwambia bonyeza. Inaonekana tunapendana kuliko watu wote nchini.

Mgahawa mzima umepiga makofi. Mzee mmoja mkulima wa chai amenishika mkono akasema nimemwongoza vizuri kijana wetu, wanawake wengi wangetaka sifa. Nikamwambia asante.

Binti mmoja wa shule, sijui wa nani, amesubiri watu wapungue akaja. "Dada, ungeupanda ule ukuta?"

Nikamwambia sijui.

Alisononeka kweli. Hakuwa ameuliza kuhusu hela hata kidogo. Niliwahi kuwa yeye, nikitazama vidole viwili vya yule dada vikiteleza. Kwa wanaotazama, hela ni namba tu chini ya kioo cha TV. Anayezijua ni yule anayerudi nazo nyumbani. Nilitaka kumwambia hivyo yule binti lakini alishaondoka.

Jumapili, 21 Septemba

Mkuu wa wodi amenishauri nipumzike. Amesema nahudumia wagonjwa vizuri lakini siongei nao. Sikujua kama inaonekana.

Nimeanza kukimbia tena, peke yangu, njia ya mashamba ya chai. Sihesabu chochote. Nakimbia mpaka nichoke, kisha natembea.

Jumapili, 5 Oktoba

Mama yake Ambakisye ametuma mtu kanisani kwetu. Nyumba mpya imekwisha, niende nikaione. Nilifikiri kukataa. Kumkatalia mama wa watu bila sababu nikaona ni utovu wa adabu, nikaenda.

Nyumba ndogo, nzuri. Bati jekundu. Nikampa shikamoo, akanishika mikono yote miwili hakuiachia. "Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo." Akasema Mungu anibariki, aliniona kwenye TV kwa jirani, aliona nilivyomshika mwanawe bega nikamkumbusha mama yake. Anashukuru. Anawaambia watu wote Kinyala.

Ambakisye alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama. Niliona hajamwambia mama yake chochote. Wala habari za kitufe, wala zetu.

Mama akanizungusha. Sebule. Chumba chake, kitanda kimetandikwa shuka nyeupe. Kisha akafungua chumba cha nyuma, kikubwa kuliko chake, bado kinanuka saruji, dirisha linatazama mgombani. Hakina kitu ndani.

"Hiki chenu," akasema. "Nimewaambia mafundi wakiongeze. Nimesema huyu binti amezoea nyumba za mjini, asije akabanwa."

Nikasema ni kizuri, Mama. Nikaenda dirishani nikasimama kidogo, nimempa mgongo.

Tumekula ndizi za mbalaga na maharage, watatu. Amenisimulia mvua ya usiku ule nyumba ilipoanguka, akacheka sana alipofika kwenye kuku. Mimi pia nimecheka. Ambakisye ameosha vyombo.

Ilipofika saa ya kuondoka mama alinikatia mkungu mzima wa ndizi. Ambakisye ameubeba mpaka barabara ya Kiwira. Karibu na lami nilimwambia amweleze mama yake, lakini si mapema, aufurahie mwezi huu. Akasema sawa. Nikamwambia nyumba ni nzuri. Nilimaanisha.

Akasema, "Ungefika juu, Rehema. Moyoni nilikuwa najua, ila kwa nyumba ya mama sikuthubutu kubahatisha. Ndiyo maana nilibonyeza nikiwa nimeinama. Ningekutazama unavyojiandaa nisingeweza."

Ikaja gari ya Tukuyu. Akanipakilia mkungu, akarudi nyuma hatua chache, mikono mifukoni.

Jioni nimepika ndizi. Ni nyingi kwa mtu mmoja. Nimempelekea mama mwenye nyumba, nimewapelekea na wapangaji wengine, bado zimebaki.